Nimefeli Statiki, Mjomba Ananitaka Saiti: Niendelee na Uhandisi au Niache?

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Naomba jina langu lisitajwe, maana mji wetu ni mdogo na mjomba wangu anajulikana. Mimi ni binti wa miaka 21. Kwetu ni Newala, ila kwa sasa niko Mtwara mjini, Chikongola, nyumbani kwa mjomba. Nimemaliza mwaka wa kwanza wa uhandisi wa ujenzi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Matokeo yametoka. Masomo mengine yote nimepita, tena baadhi vizuri, isipokuwa mekanika ya uhandisi, ile sehemu ya statiki, inayohusu kani kwenye vitu vilivyotulia. Nina sapu, yaani mtihani wa marudio, mwezi wa tisa.

Mwalimu, sijawahi kufeli hesabu maishani mwangu. Kidato cha tano na cha sita nilisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), na fizikia ndiyo iliyonibeba. Shuleni wenzangu walikuwa wakinifuata niwaelekeze. Kwa hiyo nilipoanza chuo sikuwa na hofu na somo hili hata kidogo. Niliona mada ni zilezile: kani, wenzo, msuguano, mambo ya Newton. Wiki za mwanzo nilikuwa naandika huku nasema moyoni, haya nayajua. Tulipofika kwenye fremu na mashine, pale ambapo vipande viwili vitatu vimeungwa kwa pini, nikaanza kupotea. Mhadhiri akifanya ubaoni naelewa kila mstari. Nikirudi hosteli nikafungua swali jipya, sijui hata nianzie wapi. Si kwamba nakosea hesabu, Mwalimu. Naikodolea macho ile picha tu, muda unapita.

Siku moja niliuliza swali darasani. Tuko wengi, na wasichana hatufiki hata robo. Niliuliza kwa nini kwenye pini ileile kani imechorwa kwenda kulia katika kipande cha kwanza, halafu katika kipande cha pili imechorwa kwenda kushoto. Nikajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kidato cha sita. Watu wakacheka, somo likaendelea. Tangu siku hiyo sikuuliza tena. Diskasheni za wenzangu nazo zilikuwa zinafanyika usiku upande wa hosteli za wavulana, nikaona si mahali pangu.

Kuna mwenzangu amenipa madesa, rundo la pepa za nyuma zilizokwisha kufanywa. Anasema statiki haieleweki, inakaririwa. Maswali yanajirudia, wanabadilisha namba tu. Yeye ndivyo alivyopita. Nimeanza kuyakariri.

Sasa linaloninyima usingizi si hiyo sapu yenyewe. Baba alifariki nikiwa mdogo, na kama unavyojua huku kwetu, mjomba ndiye mwenye neno. Ada ambayo mkopo haukuifikia analipa yeye, na mama anaongezea kwa korosho. Kwa sasa mama anapulizia salfa, hela yote iko shambani, na minada ni mpaka mwezi wa kumi. Mjomba ni fundi mwashi, ana vijana wake, wanajenga nyumba na fremu za maduka hapa mjini, wakati mwingine wanafika Mikindani na Masasi. Likizo hii nimekuwa nikienda naye saiti. Naandika mahudhurio ya vijana na kuhesabu mifuko ya saruji.

Juzi walikuwa wanajiandaa kumwaga zege la kibaraza juu ya mlango wa duka, kile kinachotokeza mbele bila nguzo. Kijana mmoja alikuwa amezilaza nondo chini kabisa, karibu zinagusa mbao. Mjomba akapaza sauti: "Pandisha juu hizo! Unataka kije kitudondokee?" Wakazinyanyua, wakazitegemeza kwa vipande vya nondo vilivyokunjwa, ndipo zege likamwagwa. Jioni nikamuuliza kwa nini hapa nondo zikae juu wakati kwenye lenta, ile boriti ya juu ya mlango au dirisha, zinakaa chini. Akasema, "Kinachoning'inia, nondo juu. Kilichokaa pande mbili, nondo chini. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia." Halafu akanitazama: "Kwani chuoni hamjafika huko?" Sikuwa na jibu. Usiku nililia.

Hajui kama nina sapu. Wiki iliyopita alisema mbele ya mama kwamba amechoka kutafuta mtu mwaminifu wa kumsimamia kazi, kwamba miaka minne ni mingi, na kwamba nikiacha chuo sasa nikapita VETA nikapata cheti, baada ya muda si mrefu tutakuwa na kampuni ya ukoo. "Kwani mimi nimesoma hiyo statiki?" Mama alinyamaza. Mimi nilitamani niseme ndiyo palepale. Si kwamba naitamani VETA. Nilitaka tu kuikwepa aibu.

Tena nimewaza jambo lingine. Hapa Mtwara kuna chuo kinachofundisha ualimu. Naweza kuhamia huko nikasomee ualimu wa hesabu. Ni karibu na mama, na hesabu naipenda.

Mwalimu, je, kufeli statiki ni dalili kwamba sina akili ya uhandisi? Nimwambie mjomba, au nifanye sapu kimyakimya, nikipita yaishe? Na nikiacha, nitakuwa nimewakosea?

Binti wa Newala

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Pole kwa mwaka mgumu, na pole zaidi kwa kuubeba peke yako ndani ya nyumba ya mtu anayekupenda. Nimeisoma barua yako nikaona umeniletea maswali matatu ukayafanya moja. La kwanza, unauweza uhandisi? La pili, unautaka? La tatu, utamkabili vipi mjomba? Hofu ya hilo la tatu imeyafunika hayo mawili. Unasema ulitamani kukubali VETA ili uikwepe aibu, na sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu. Sipendi uamuzi wa miaka mingi ukatwe na aibu ya jioni moja.

Tuanze na akili, maana hapo umejihukumu haraka. Unasema fizikia ilikubeba, statiki imekushinda, basi huna akili ya uhandisi. Tazama unachodai kimekushinda. Hukosei hesabu. Ubaoni unaelewa. Unakwama kwenye kuanza. Kwa miaka mingi niliyofundisha fizikia na hesabu nimeona jambo hilohilo kwa wanafunzi wazuri wanaoingia chuo, na lina sababu yake. Kidato cha sita swali linakuletea kitu kimoja kilichokwisha kutengwa: tofali kwenye mteremko, mpira hewani, ngazi ukutani. Kazi yako ni kuweka fomula. Statiki ya chuo inakuletea kitu chenye vipande vingi vilivyoungana, halafu inakuachia wewe uamue utakitazama kipande gani, utakikata wapi, na ni kani zipi zinazokigusa baada ya kukikata. Uamuzi huo hauna fomula. Unafundishwa kwa kuufanya mara nyingi, kwa penseli, huku mtu akikusahihisha mchoro kabla hata ya hesabu. Ndio mchoro mnaouita FBD: kitu kilichotengwa peke yake, pamoja na kani zote zinazokigusa. Wanafunzi wengi huuchora harakaharaka kwa ajili ya alama mbili tatu, wakakimbilia milinganyo. Kumbe mchoro ukishakamilika, kilichobaki ni hesabu za sekondari: jumla ya kani za mlalo ni sifuri, jumla ya kani za wima ni sifuri, jumla ya momenti, yaani nguvu za kuzungusha, ni sifuri. Milinganyo mitatu, basi. Kwa kitu kimoja kilicho kwenye bapa, milinganyo hiyo haiwezi kukupatia zaidi ya visivyojulikana vitatu. Ukiona vinne, ama umesahau kutenga kipande kingine, ama swali lenyewe statiki peke yake hailiwezi.

Sasa lile swali ulilochekwa. Binti yangu, lilikuwa swali la maana kuliko mengi yanayoulizwa kwenye somo hilo. Pini inapounganisha vipande viwili, cha kwanza kinakisukuma cha pili, na cha pili kinakisukuma cha kwanza kwa kiasi kilekile, upande wa kinyume. Ni sheria ya tatu ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687, na ni kweli kwamba uliisoma sekondari. Ila sekondari hukuwahi kulazimika kuitumia kwenye michoro miwili kwa wakati mmoja. Ukikitenga kipande cha kwanza ukaamua kuichora kani ya pini kwenda kulia, basi kwenye mchoro wa kipande cha pili huna hiari tena, lazima iende kushoto. Ulichokisia mwanzoni si lazima kiwe sahihi. Jibu likija na alama ya kutoa, maana yake kani inaelekea upande mwingine, na hakuna dhambi. Na ukiamua kuvitazama vipande vyote viwili kama kitu kimoja, kani ya pini haichorwi kabisa, maana iko ndani. Mtu akielewa aya hii, mada ya fremu na mashine imemfungukia nusu. Wewe ulikuwa umeshika palepale panapohusika, kicheko kikakuondoa.

Kile kicheko usikichukulie kidogo, wala usikipe ukubwa ambacho hakina. Kilikunyima mahali pa kuuliza, kisha saa na mahali pa diskasheni vikakunyima wa kuuliza naye. Umesoma somo linalotaka kusahihishwa mchoro, bila mtu wa kukusahihisha. Kabla hujasema huna akili, jiulize: ungepata mtu wa kukutazamia michoro mara moja kwa wiki, matokeo yangekuwa haya? Sijui jibu, na wewe hulijui. Ndiyo maana nasema ushahidi wa kujihukumu haujatosha.

Niruhusu nirudi kwenye kibaraza cha mjomba wako, maana pale ulisimama mbele ya statiki yenyewe na hukuitambua. Tuchukulie kibaraza kimetokeza mita 1.2, kama futi nne hivi, na uzito wake pamoja na vitakavyokaa juu yake ni kilonyutoni (kipimo cha kani) 5 kwa kila mita. Kitenge. Futa ukuta, kibaki chenyewe hewani kwenye karatasi. Uzito wote ni kilonyutoni 6 kwenda chini, na tunauchukulia kwamba uko katikati, mita 0.6 kutoka ukutani. Ukuta lazima usukume juu kilonyutoni 6. Wengi huishia hapo. Lakini tazama: kani moja inapanda kwenye ukuta, nyingine inashuka mita 0.6 mbele yake. Kitu hicho hakiwezi kutulia, kitazunguka, ncha ianguke. Kwa hiyo ukuta unalazimika kutoa kitu cha tatu, momenti ya kukizuia kisizunguke: 6 mara 0.6, yaani kilonyutoni-mita 3.6. Ndiyo maana kwenye darasa lenu egemeo la kukaza, lisiloruhusu kitu kusogea wala kuzunguka, lina visivyojulikana vitatu, wakati la pini lina viwili na la magurudumu lina kimoja. Hakuna aliyevigawa hivyo kwa kupenda. Kila egemeo linatoa kile tu linachoweza kukizuia.

Momenti hiyo inajaribu kuufungua upande wa juu wa zege pale linapoingia ukutani. Zege ni hodari likigandamizwa, ni dhaifu likivutwa, kwa hiyo upande unaovutwa ndio unaohitaji nondo. Juu. Sasa chukua kipande hichohicho, urefu uleule, mzigo uleule, ukikalishe kwenye kuta mbili kama lenta. Kila ukuta unapokea kilonyutoni 3, kinabonyea katikati, upande wa chini ndio unaovutwa, na momenti kubwa kabisa ni kilonyutoni-mita 0.9. Mjomba wako ana haki: kinachoning'inia juu, kilichokaa pande mbili chini. Lakini kuna ambacho kanuni yake haisemi. Kibaraza kinadai mara nne ya lenta. Na mteja akija kesho akasema, "Fundi, nitokezee mpaka futi sita," mzigo wa kila mita ukiwa uleule, kutokeza kumeongezeka mara moja na nusu, ila momenti imepanda kutoka 3.6 hadi 8.1, mara mbili na robo. Hapo nondo zilezile za jana hazitoshi, na macho hayawezi kukuambia. Tena ukuta ulio juu yake, au slabu iliyo nyuma yake, ndiyo inayokandamiza mkia wake, ile sehemu iliyoingia ukutani. Mirunda ikiondolewa kabla uzito huo haujakaa, kibaraza kinaweza kuja chini na nondo zake zikiwa mahali sahihi.

Sikuambii haya ili nikusukume ubaki chuoni. Nataka ujue unachokiacha, kama utakiacha. Na uone kwamba ujuzi wa mjomba na ule wa chuoni havigombani. Yeye anajua upande. Statiki inakwambia kiasi.

Sasa madesa. Sitakukaripia. Pepa za nyuma ni kitu kizuri, na ni kweli baadhi ya maswali hufanana. Hatari yake ni mbili. Mtungaji akibadilisha namba, umepona; akibadilisha egemeo, pini ikawa ya magurudumu, mchoro wote unageuka na ulichokariri hakikusaidii. Kwa macho swali ni lilelile, na hapo ndipo wengi huangukia. Hatari ya pili ni ya baadaye: mwaka wa pili kuna nguvu za vifaa na nadharia ya miundo, na yote yanaanza na kutenga kitu na kutafuta kani za egemeo. Ukipita sapu kwa kukariri, umeisogeza shida hii mbele, na huko utaikuta imekuwa kubwa, labda ikawa keri, somo la kubeba hadi mwaka unaofuata, labda zaidi. Kwa upande mwingine, muda uliobaki ni mfupi na siwezi kukuambia uanze kitabu upya kama vile hakuna mtihani. Unaweza kuyatumia madesa kwa namna nyingine: ziba jibu, chora FBD yako tu, usifanye hesabu, kisha fungua ulinganishe mchoro na mchoro. Angalia umesahau kani gani, umeongeza ipi isiyokuwepo, umeandika kilo badala ya nyutoni wapi. Michoro mitano kwa siku bila hesabu itakufundisha zaidi ya majibu mawili uliyoyanakili kwa ukamilifu. Ukifika kwenye msuguano, jihadhari na kosa moja linalowaangusha wengi: msuguano si lazima uwe sawa na kizidisho cha msuguano mara kani ya mgandamizo. Hicho ni kikomo chake, unakifikia pale tu kitu kinapokaribia kuteleza. Kabla ya hapo msuguano ni ule unaohitajika kukizuia, basi.

Na usisome peke yako tena. Hata likizoni, waliobakiwa na sapu kama wewe wapo. Tafuta msichana mmoja wa darasa lako, mtumiane picha za michoro kwa simu, kila mmoja asahihishe ya mwenzake. Ukirudi chuoni, uliza kama kuna saa za kuonana na wahadhiri ofisini, hata kama si yule aliyekujibu vile. Mwanafunzi anayeingia na mchoro mkononi akasema "nimefika hapa, nimekwama hapa" hupokelewa tofauti na ilivyo mbele ya darasa zima. Na diskasheni ya mchana, maktaba, ikianzishwa na wasichana wawili tu, hiyo ni diskasheni.

Nije kwa mjomba. Mimi pia ni wa huku Kusini, najua uzito wa mjomba. Neno lake hapo nyumbani linaweza kuwa zito kuliko la baba kwa makabila mengine. Ndiyo maana sitakuambia "ni maisha yako, amua mwenyewe". Lakini nakuuliza: una hakika mjomba anakutaka uache chuo kwa sababu hathamini usomi? Au amechoka, amewahi kuibiwa saruji, akakuona wewe unaandika mahudhurio kwa uaminifu, akajisemea nimepata mtu? Hayo ni maombi mawili tofauti. La pili linaweza kujibiwa bila wewe kuacha chuo: likizo zote unamsimamia, vitabu vya hesabu unaviweka sawa, ukiwa Dar mnaongea kwa simu. Hujui, kwa sababu alipouliza "kwani mimi nimesoma hiyo statiki" ulinyamaza, na mama akanyamaza.

Kufanya sapu kimyakimya kuna faida yake, sikufichi. Ukipita, unaepuka mazungumzo magumu. Ila mjomba anapanga hesabu zake sasa hivi akidhani mambo yako yamekamilika, na ada ya mwaka mpya inaweza kudaiwa kabla hela za korosho hazijaingia, akaombwa yeye. Akija kulisikia hili kwa mtu mwingine, kitakachomuuma ni kwamba uliketi naye saiti kila siku ukalificha. Ukimwambia sasa, hatari ni kwamba atalichukua kama ushahidi: "Si nilisema?" Lazima ujiandae kwa hilo. Kama mama anaweza kushuka kutoka Newala siku moja, ongea naye kwanza, kisha mwende wote wawili. Msimwendee saiti mbele ya vijana wake, wala usiku akiwa amechoka. Na usianze na kilio. Anza na habari kamili: nimepita masomo haya, limebaki moja, mtihani ni tarehe fulani, nahitaji hiki na hiki. Mtu wa kazi husikia vizuri akipewa hesabu. Ikibidi, mchoree kile kibaraza, umwonyeshe ile 3.6 na ile 0.9. Si kwa kumfundisha kazi yake, ila alikuuliza kama mmefika huko, naye anastahili jibu.

Kuhusu njia zenyewe. VETA si kushindwa. Mafundi wazuri wa mkoa huu wengi wamepita huko, na saiti bila fundi haisimami. Ila ujue mipaka. Kwa sheria ya mwaka 1997 ya usajili wa wahandisi, huwezi kufanya kazi kama mhandisi nchini hapa bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na cheti cha ufundi peke yake hakikufikishi huko. Hiyo kampuni ya ukoo anayoiota mjomba, ikitaka kazi kubwa kuliko fremu za maduka, itahitaji mtu mwenye sifa hizo kutoka mahali fulani. Kati ya fundi na mhandisi kuna fundi sanifu, mwenye stashahada. Watu wachache huitaja njia hiyo nyumbani, na pengine kwako inafaa kuliko zote mbili. Iulizie.

Ualimu wa hesabu nao, mimi nitausema vibaya vipi? Mikoa yetu inauhitaji mno. Swali langu ni dogo: ungekuwa umepita statiki kwa alama nzuri, ungeufikiria? Kama ndiyo, kama unajiona mbele ya watoto wa Tandahimba ukiwafungulia hesabu na moyo wako unachangamka, basi hilo ni jambo la kulichukua kwa uzito, bila kuona haya. Kama hapana, utakuwa umeukimbilia, na ualimu haumsamehi mtu aliyeukimbilia. Ulisema wenzako walikuwa wakikufuata uwaelekeze. Sijui kama ulilitaja kama sifa ya zamani au kama kitu unachokikumbuka kwa hamu. Wewe unajua.

Na uhandisi, je, unautaka? Barua nzima hukusema. Umesema unaogopa kuukosa, hukusema unaupenda. Kila ukienda chuo unavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Watu wa umri wangu tunakumbuka tulivyokuwa tunasubiri kivuko. Mei 2024 mvua zilipoikata barabara kule Somanga, Lindi na Mtwara tulikatika na Dar kwa siku kadhaa, tukajua tena thamani ya kalvati moja. Ukipita sehemu hizo unatazama nini? Kuna wanaolala mpaka Mbagala. Kuna wanaotazama nguzo. Fikiria wewe ni yupi, na usijilazimishe jibu la kunifurahisha mimi.

Kuhusu kuwakosea: mtu aliyejaribu kwa ukweli, akasema wazi alipokwama, akachagua njia akiwa ameitazama, huyo hajamkosea mtu. Ada iliyolipwa mwaka huu haikupotea. Masomo uliyopita umepita.

Mambo machache yana tarehe, na tarehe hazisubiri hisia. Wiki hii uliza ofisi ya usajili ya chuo chako mwisho wa kujiandikisha kwa sapu ni lini, na ukiikosa kinafuata nini. Uliza Bodi ya Mikopo mkopo wako unakuwaje ukihama chuo au ukibadilisha kozi, usisikilize ya hosteli. Uliza chuo hicho cha Mtwara kama dirisha la kuhamia bado liko wazi. Majibu hayo yanaweza kukuonyesha kwamba njia mojawapo imeshafungwa kwa mwaka huu, au kwamba una nafasi zaidi ya unavyodhani. Ukishayapata, na ukishaongea na mama, niandikie tena. Na kama kuna swali la fremu linalokusumbua, lipige picha pamoja na mchoro wako ulivyouchora, hata kama umekosea, nitautazama.